Taa ya Ulenge ilikuwa ya nani?

Mtu wa Tanga ukimuuliza habari za visiwa vilivyo mbele ya mji wake, atakutajia Toten kwanza. Ni haki yake. Toten kipo puani, unakiona ukiwa umesimama ufukweni karibu na bandari, na kina vituko vya kutosha: magofu ya msikiti, makaburi ya wazee wa zamani, na jina la Kijerumani lenye maana ya wafu. Ukizidi kumbana atakutajia Yambe. Ulenge kinatajwa mwisho, tena na wavuvi tu.

Nilipomweleza mhariri wangu (gazeti naliweka kapuni, bado nauhitaji mshahara) kwamba nataka kuandika juu ya mnara wa taa ulioko Ulenge, aliniuliza, "Kuna mtu kafa?" Nikamwambia hapana. "Kuna waziri anakwenda kuuzindua?" Hapana. Akaigeukia kompyuta yake na mazungumzo yakaishia hapo. Basi naandika hapa, ambako hakuna wa kunikatia aya ili tangazo la simu lipate nafasi.

Swali langu ni dogo. Mnara ule ulijengwa umulike njia ya nani?

Kwa asiyekijua, Ulenge ni kisiwa cha mawe ya matumbawe kilichovikwa mikoko. Kipo upande wa kaskazini wa lango la Ghuba ya Tanga, nje kidogo ya rasi ya Chongoleani. Meli inayotoka bahari kuu inakiacha Ulenge mkono wa kulia na Yambe mkono wa kushoto, halafu inaingia ndani taratibu mpaka iikute Raskazone, na nyuma yake bandari. Pande zote mbili za njia hiyo kuna miamba. Maji yakijaa huioni. Yakikupwa inachomoza kama meno. Ndiyo maana mnara ukawekwa pale na si mahali pengine.

Kabla ya mnara je? Hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinapochosha. Ukivisoma utadhani pwani hii ilikuwa gizani mpaka alipokuja mzungu na kiberiti. Richard Burton na John Speke walipopita Tanga mwaka 1857, kabla ya safari yao maarufu ya kwenda maziwa makuu, walikuja kwa chombo cha tanga kilichoongozwa na watu wa pwani, katika bahari ambayo watu wa pwani walikuwa wanaisafiri kwa karne nyingi. Hakuna aliyewawashia taa. Nahodha alikuwa na nyota, alikuwa na pepo mbili kubwa, kaskazi ya kumleta kutoka Uarabuni na kusi ya kumrudisha, na kichwani alikuwa na ramani ya kila mlango wa bahari. Neno majira, ambalo sisi tunalitumia kwa misimu na saa, kwa mabaharia lilikuwa na maana ya njia ambayo chombo kinaishika. Kushika majira si kutazama saa.

Na neno mnara lenyewe? Limetoka kwenye Kiarabu, manara, yaani mahali pa nuru. Kwa hiyo tukisema mnara wa taa tunasema kitu kilekile mara mbili, na mnara wa msikiti ni ndugu wa damu wa mnara wa Ulenge. Nimeipenda hiyo, ingawa mwalimu wangu wa isimu pale Mlimani angeniambia niache kujifurahisha na asili za maneno.

Siku moja Sahare nilimkuta mzee mmoja anashona nyavu. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukazungumza mambo ya bei ya mafuta ya mashine mpaka nikalitupa swali langu. Je, usiku anaiangalia taa ya Ulenge?

"Ile taa ya meli, mwanangu," akasema. "Sisi tuna Mlinga."

Mlinga ni kilele cha milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Muheza. Mzee akanieleza kwa kidole na kwa kamba ya nyavu. Unachukua alama moja ya mbali, mlima, na alama moja ya karibu, mti mrefu au mnara wa msikiti. Alama mbili zikiwa mstari mmoja, umeshika njia. Unachukua jozi nyingine upande wa pili, na pale mistari inapokutana ndipo ulipo wewe. Hicho ndicho wanachofundishwa manahodha wenye vyeti, ila wao wana chombo cha shaba na penseli. Na usiku? Usiku ana nyota, na kama hazionekani anasubiri. Chombo cha tanga kinaweza kusubiri. Kinatupa nanga nje ya miamba, watu wanalala, alfajiri wanaingia.

Naomba uikumbuke hiyo kusubiri, maana ndiyo iliyoleta mnara.

Meli ya moshi haisubiri. Ina ratiba, ina makaa yanayoungua hata ikiwa imesimama, ina bima, ina mkataba wa barua. Mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa kule Hamburg, na serikali ya Ujerumani ikakubali kuilipa ruzuku ya marki 900,000 kila mwaka ili meli zake zije huku kwetu kwa ratiba. Mwaka mmoja kabla, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani, na upinzani wa pwani ya kaskazini ukavunjwa kwa mizinga. Mwanzoni mwa 1891 serikali ya Kijerumani ikaichukua pwani rasmi kutoka mikononi mwa kampuni, baada ya Sultani wa Zanzibar kulipwa marki milioni 4. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea Usambara. Mwaka huohuo wa 1893 Dk. Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62.

Itazame hiyo orodha. Meli za ratiba, pwani imenyamazishwa, reli, mkonge, vyote ndani ya miaka minne. Mnara wa Ulenge ni wa enzi hiyohiyo ya Wajerumani, na mimi nausoma kama kipande cha reli kilichowekwa baharini. Reli ilitoa mzigo bara, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi 1911. Mzigo ukifika Tanga lazima meli iupokee, iwe mchana au usiku. Taa inafanya usiku uwe saa za kazi.

Walijenga na kitu kingine Ulenge: sanatoria, nyumba ya kupumzishia wagonjwa. Wazungu wa wakati ule waliogopa homa za mjini kuliko walivyoogopa mikuki, na waliamini upepo wa bahari unaponya. Magofu yake yapo hadi leo, mikoko na mizizi imeyakumbatia. Ukiyaona unapata picha ya kisiwa jinsi kilivyokuwa: mgonjwa wa Kijerumani amelala barazani anavuta hewa, na hatua chache kutoka hapo mtu mwingine anapanda ngazi na dumu la mafuta.

Huyo mtu mwingine ndiye anayenishughulisha.

Kazi ya mtunza taa wa zama zile haikuwa lelemama. Taa za minara mingi ziliwashwa kwa mafuta, na nyuma ya vioo vizito ambavyo Mfaransa Augustin Fresnel alivibuni katika miaka ya 1820, vioo vilivyokatwa kwa namna ya kuukusanya mwanga mdogo na kuusukuma mbali kama mshale. Utambi ukatwe, la sivyo unatoa masizi. Masizi yafutwe, la sivyo kioo kinakufa. Chumvi ya bahari ifutwe nje. Usilale. Mvua ya masika ikipiga ndiyo kabisa usilale, maana usiku huo ndio wenyewe. Asubuhi unashusha mapazia ili jua lisiingie kwenye vioo, kwani kioo kinachosukuma mwanga nje kinaweza pia kuvuta jua ndani na kuunguza. Halafu maji ya kunywa. Kisiwa cha matumbawe hakina mto. Maji ni ya mvua au ya kuletwa na mashua.

Majina ya magavana tunayo. Majina ya meli tunayo, hata majina ya manahodha wake. Mtu aliyekesha Ulenge miaka nenda miaka rudi ili mkonge wa mwenzake ufike salama, jina lake halimo katika kitabu chochote cha historia nilichosomeshwa, kuanzia kidato cha kwanza mpaka nilipovaa joho.

Zanzibar wana bahati kidogo. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe, kina mnara ambao Waingereza waliujenga mwaka 1904, na pembeni yake pamebaki nyumba ya mtunza taa na msikiti mdogo. Ukiuona ule msikiti hutahitaji mtu akuambie walinzi wa taa walikuwa watu wa aina gani. Walikuwa watu waliohitaji pa kusalia. Hilo tu linatosha kukuondoa kwenye ile picha ya mzungu mwenye ndevu na kiko tunayoiona kwenye filamu.

Na Chumbe kina mkasa mwingine. Mwaka 1926 taa yake ilibadilishwa, ikawa ya gesi inayojiendesha. Aliyefanikisha teknolojia hiyo ni Gustaf Dalén wa Sweden. Alibuni kifaa kinachotambua mwanga wa jua: kukicha, chuma cheusi kinapata joto, kinatanuka, kinafunga gesi; likizama, kinasinyaa, gesi inafunguka na taa inawaka yenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo gesi ilimlipukia kazini akapofuka macho yote mawili. Mtu aliyewawashia taa mabaharia wa dunia nzima akaishi gizani miaka 25 iliyobaki, na hakuacha kazi. Ningeisoma hadithi hiyo kwenye riwaya ningesema mwandishi kazidisha.

Ila tusisahau upande wa pili wa kile chuma cheusi. Kilipofika, mtu wa kukesha hakuhitajika tena. Kompyuta zinazotunyang'anya kazi leo zina babu yao.

Kabla sijarudi Tanga, nichomekee jambo moja la Zanzibar ambalo Ulenge haliwezi kueleweka vizuri bila hilo. Minara ya taa haikuwa ya wazungu peke yao. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, kulikuwa na mnara wa taa ufukweni kabisa. Ulikuwa wa Sultani, unaangaza bandari ya Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliishambulia ikulu katika vita ambavyo wanafunzi hupenda kuvitaja kwa sababu havikufika hata saa moja. Mnara ule uliharibiwa vibaya na haukurudishwa pale. Badala yake Beit al-Ajaib yenyewe ikaongezewa mnara wa saa, na huo nao ulianguka siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka. Sasa hesabu miaka. Mnara wa Sultani unapigwa 1896. Minara mipya ya Waingereza inakuja: ule wa chuma wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, mwaka 1900, na Chumbe mwaka 1904. Mwenye taa ndiye mwenye bandari, na kila mtu alilijua hilo.

Haya, Tanga.

Novemba 1914 meli za Uingereza zilitokea nje ya ghuba zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Aitken. Manowari Fox ikatangulia tarehe 2 asubuhi kudai mji usalimu amri. Wajerumani wakavuta muda, na Waingereza wakaupoteza muda mwingine kwa hofu ya mabomu ya kutegwa majini. Walishukia Raskazone. Huku nyuma reli, ileile ya mkonge, ilikuwa inamleta Lettow-Vorbeck na askari wake kutoka upande wa Moshi. Walikuwa kama 1,000 tu. Yaliyotokea kwenye mashamba na vichaka vya Raskazone, nyuki wakiwemo, kila mtoto wa Tanga ameyasikia kwa babu yake. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki, risasi laki kadhaa na watu wao zaidi ya 800 wakiwa wamekufa, kujeruhiwa au kupotea.

Mnara hauchagui. Taa inayomwonyesha rafiki njia inamwonyesha na adui, kwa hiyo vita ikianza jambo la kwanza ni giza. Na giza lina wateja wake. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyosafiri kutoka Ulaya kwa jina la uongo na bendera ya Denmark, ilifika pwani ya kaskazini ya Tanga ikiwa na makaa na silaha. Manowari Hyacinth ikaiona na kuifukuza, mashine yake moja ikaharibika palepale, na Rubens ikapata upenyo wa kujitupa ndani ya Ghuba ya Manza. Nahodha Christiansen akaizamisha kwenye maji mafupi na moto ukawaka sitaha. Waingereza wakaridhika kwamba imekwisha. Walipoondoka, watu wa Lettow-Vorbeck walipiga mbizi wakatoa shehena, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa moja moja zikaanikwa. Fikiria hiyo kazi, na nani aliifanya. Vita vikaendelea miaka mitatu na nusu zaidi. Tanga yenyewe ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916, na taa ikapata bwana mwingine, lakini mzigo ulikuwa uleule.

Mkonge. Kizazi changu kinaujua mkonge kama majina ya vituo vya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na hakuna nchi iliyotupita. Manamba walitoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi, Msumbiji, wakakata majani kwenye mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani. Marobota yalifika bandarini kwa reli, yakapakiwa kwenye matishari, kwa sababu maji ya gatini Tanga yalikuwa mafupi na meli kubwa zilitia nanga kule nje. Usiku meli ikisogea kupokea marobota, Ulenge ilikuwa pale inapepesa.

Kisha kamba za nailoni. Bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, vichaka vikaingia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Bandari nayo ikapitia mikono: shirika la bandari la Afrika Mashariki, halafu Jumuiya ikavunjika 1977 tukabaki na mamlaka yetu, ambayo tangu 2005 inaitwa TPA. Meli zikapungua. Naam, taa inamfuata mzigo. Mzigo ukiondoka hakuna anayekumbuka kupaka rangi mnara.

Wakati mnara wa chuma na saruji una bajeti, hata ikiwa ndogo, alama za wavuvi hazina. Mfano mchungu kuliko yote upo kusini kidogo, Pangani. Kilomita zipatazo 8 kutoka mdomo wa mto kulikuwa na kisiwa cha mchanga, Maziwe, chenye mivinje mirefu. Kasa walipanda pale kutaga kuliko karibu mahali pengine popote pwani yetu. Mwaka 1975 kikatangazwa eneo tengefu la bahari, miongoni mwa ya mwanzo kabisa nchini. Miti ilikuwa imekatwa. Mizizi ikiisha, mchanga hauna wa kuushika, na bahari nayo ilikuwa inapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Watalii wanakwenda kuzamia na miwani. Kasa wachache bado wanapanda, kwa mazoea ya kizazi na kizazi, na watu wa uhifadhi wanayahamisha mayai yao Ushongo yasije yakafa maji.

Kwa nahodha wa Kipangani, mivinje ile ilikuwa mnara. Inaonekana kutoka mbali, haihitaji mafuta, haihitaji Nobel. Ilipoondoka haikuingia kwenye taarifa yoyote ya usalama wa vyombo vya majini, kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya mali ya mtu.

Msomaji anaweza kuniuliza, sasa wewe unataka nini, kila mvuvi ajengewe mnara? Hapana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Pale Ras Nungwi pana mnara wa taa, tena wa siku nyingi. Meli iliruhusiwa kubeba watu 600 na ushee. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na ripoti ya tume iliyotolewa mwaka uliofuata ilifikisha hesabu ya waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, kwenye mnara wenye chuma cha Dalén, na zaidi ya watu 100 wakaondoka. Mnara unamwonyesha nahodha mwamba ulipo. Hauhesabu abiria.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyoandika historia ya bahari yetu. Tunahesabu vitu vilivyojengwa. Huyu alijenga mnara, yule akajenga reli, mwaka fulani gati. Anayevuka kati ya Tanga na Pemba usiku, na wavukaji ni wengi, kwa mashua isiyo na hata koti moja la kujiokolea, yeye hamo kwenye hesabu hiyo, kama alivyokuwa hayumo babu yake aliyeliongoza jahazi kabla ya 1890. Siku hizi ana simu yenye ramani. Simu ikiisha chaji anarudi kwa Mlinga.

Mzigo nao umerudi. Kati ya 2019 na 2023 bandari ya Tanga ilichimbwa, kina kikashuka mpaka mita 13 na gati jipya la mita 450 likajengwa, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 429. Meli zinafika gatini zenyewe na matishari yamepoteza kazi yao ya zaidi ya miaka mia. Na tarehe 5 Agosti 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, mahali lilipopangwa kuishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Chongoleani, kumbuka, ndiyo rasi ambayo Ulenge kipo nje yake. Meli za mafuta ni kubwa kuliko chochote ambacho Wajerumani walikiwazia walipokuwa wanapanga mawe yao pale kisiwani, na zinataka maboya, taa na marubani wa saa 24.

Bahari hiyohiyo ndiyo ya silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na madinosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 hivi, wavuvi wa Kigombe na jirani zake wakaanza kuwakuta kwenye nyavu zao, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 likatangazwa eneo la hifadhi kwa ajili yao. Ulenge nacho ni eneo tengefu. Kwenye ramani za serikali kisiwa kile kidogo sasa kina kazi mbili, kuwaongoza wanaopita na kuwalinda wanaokaa chini ya maji.

Yule mzee wa Sahare nilimuuliza kuhusu meli za mafuta. Akaniambia zikija zitakuwa na taa nyingi kiasi cha kumharibia nyota, na atahitaji kusogea kusini kidogo. Halafu akaniuliza kama nina vocha.